Drum corps za rika zote, mmeziona?

KijanaMwanjelwa: Wadau jana nimemaliza bando lote YouTube naangalia drum corps za Marekani (zile bendi za gwaride za matarumbeta na ngoma zinazoshindana uwanjani), zile za rika zote, yaani mzee wa mvi anapuliza tarumbeta huku anarudi kinyumenyume na mstari haupindi, pembeni dogo kabeba ngoma tano kifuani 😂 hivi filimbi hawana?

BintiTukuyu: Hawana kaka. Matarumbeta, ngoma, marimba kule mbele na wale wa bendera. Zile za vijana za DCI (Drum Corps International, waandaaji wa mashindano) ukitimiza 22 kabla ya msimu ndo basi, hizi za rika zote hazina kikomo cha juu cha umri.

MzeeNyasa: Imenikumbusha mganda wetu, ile ngoma ya huku Ziwa Nyasa, nao uliiga gwaride la wakoloni. Ila wao majaji wanawapa pointi hadi desimali, sisi vigelegele tu, na ugomvi juu.

KijanaMwanjelwa: 😂😂 shikamoo mzee