Pande zinalingana ila kona kwa kona hazilingani, nichimbe msingi au nisubiri?

mjenzi_pasua:
Wakuu habari za jioni, niko Moshi hapa naanza nyumba. Leo fundi kavuta kamba za msingi, mbele mita 12 nyuma 12, kushoto 9 kulia 9, anasema tayari kesho tunachimba. Mimi nikapitisha tepu kona kwa kona, moja ikasoma 15.30 nyingine 14.69. Namuuliza anasema pande zikishalingana kona zinakaa zenyewe. Ni kweli? Maana zege likishamwagwa ndo basi tena.

ticha_wa_hesabu:
Mkuu mzuie asichimbe kwanza. Pande zinazotazamana zikilingana ulichonacho kwa uhakika ni msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba hata kama limelala, mstatili bado. Kwenye msambamba pembe zinazotazamana ni sawa na zinazofuatana zinajumlisha nyuzi 180, kwa hiyo ukiijua moja umezijua zote nne, na kwa vipimo vyako mbili zina kama 87.6 na mbili 92.4. Kwa macho huoni kitu, utakuja kuona siku ya malumalu vipande vya ukutani vinavyozidi kupungua kadiri unavyoenda. Diagonali zako, yaani vile vipimo vya kona kwa kona, zilitakiwa zote ziwe 15 kamili, 9 mara 9 ni 81, 12 mara 12 ni 144, jumla 225, kipeuo chake cha pili 15. Ni hesabu ya form two hii.

fundi_sakina:
Ticha kasema kweli. Chukua mbao nne zigonge msumari mmoja mmoja kwenye kona, sukuma, zinalala, na urefu wa mbao uko vilevile ila kona zote zimebadilika. Gonga ya tano ya mshazari haziendi popote, ndo maana kenchi tunazifunga kwa pembetatu.
Sasa using'oe vyote. Mbele paache, vile vigingi viwili vya nyuma visogeze pamoja kama sentimita 38 kuelekea upande unaofupisha ile ya 15.30, alafu pima tena pande zote na kona kwa kona mpaka zote zisome 15.

dada_njiro:
Kwani kaka nikipima kona kwa kona tu zikalingana haitoshi?

ticha_wa_hesabu:
Haitoshi dada. Kuna trapeza ambayo miguu yake miwili inalingana, mbele pana nyuma pembamba, nayo diagonali zake zinalingana vilevile. Pande zinazotazamana zilingane NA diagonali zilingane, hapo ndo mstatili.

dada_njiro:
Asante. Nauliza hivyo maana huku Arusha nauziwa kiwanja 20 kwa 30, muuzaji anazidisha anasema mita za mraba 600, ila nikikiangalia kimelala upande.

ticha_wa_hesabu:
Basi usilipie 600. Kama ni msambamba wenye kona ya nyuzi 70 eneo ni kama 564 tu, ikiwa 60 inashuka mpaka karibu 520, na pande bado ni 20 na 30 zilezile. Na kama hakuna pande zilizo sambamba, jumla ya pembe nne itabaki 360 ila haitakusaidia kwenye eneo, pima pande zote nne na diagonali moja, kiwanja kinagawanyika pembetatu mbili, kila moja unaitafutia eneo lake kwa pande zake tatu alafu unajumlisha. Nenda na tepu ndefu na mtu wa kushika upande wa pili, kabla hujasaini chochote.