Mwaka wa kwanza famasi, nipo Mbeya: nimepata kazi ya jioni lakini moyo unasita

Binti wa Tukuyu

Shikamooni mliotangulia, na wenzangu habari za leo.

Nasoma stashahada ya famasi, mwaka wa kwanza, hapa Mbeya mjini. Nimepanga chumba Soweto na mwenzangu mmoja. Vipindi vinaisha saa tisa alasiri na Jumamosi nipo huru kabisa. Nyumbani Tukuyu baba ana shamba dogo la chai na mama anauza ndizi, na mdogo wangu naye ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Ada ya muhula wa kwanza imelipwa kwa kuungaunga. Ya muhula wa pili nataka niisaidie mwenyewe, na zaidi ya hela nataka mikono yangu izoee dawa, maana darasani tunazisoma majina tu.

Wiki mbili nimezunguka Mwanjelwa, Kabwe na Sokomatola nikiwa na nakala za vyeti vyangu kwenye bahasha. Wengi wananiambia "rudi ukimaliza chuo". Juzi mwenye duka mmoja akanikubali hapo hapo. Nianze saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa 130,000 kwa mwezi. Akanionyesha koti jeupe limetundikwa nyuma ya mlango, akasema, "Wewe vaa hili, wateja hawatauliza."

Nilipouliza nitakuwa na nani akajibu kwamba muda huo yeye huwa kwenye biashara yake nyingine, nitakuwa peke yangu, nikikwama nimpigie simu.

Hela naihitaji kwelikweli. Lakini hilo neno la koti limenikaa kooni tangu juzi. Naomba ushauri: nichukue? Na kama sichukui, wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnapata wapi kazi kwenye famasi za huku kwetu?

Kijana wa Mafiati

Dada chukua hiyo kazi. Laki na thelathini kwa mwanafunzi ni kodi ya chumba na mchele juu. Dawa zinazouzwa sana jioni ni za maumivu, mafua na tumbo, utazijua ndani ya wiki moja. Ukisubiri umalize chuo utasubiri miaka mitatu.

Dada wa Kaunta

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni fundi dawa, nipo kaunta hapa Mbeya mwaka wa tisa sasa. Nakuandikia ndefu kwa sababu kazi uliyopewa ndiyo niliyoanza nayo mimi, na saa zenyewe ni hizo hizo.

Usichukue.

Nilikuwa mwaka wa kwanza kama wewe, nimeachwa dukani peke yangu jioni. Sisi mjini hapa malaria si nyingi, baridi inatusaidia, lakini watu wa Kyela hupanda huku kwa shughuli zao na wagonjwa wao. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, kilo 11, vipimo vimeonyesha malaria, cheti kimeandikwa dawa ya mseto. Pakiti za watoto zilikuwa zimeisha. Nikachukua pakiti ya wakubwa ya vidonge 24, nikakata vidonge sita, hesabu sahihi kabisa kwa mtoto wa uzito ule: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tatu. Umeme ukakatika. Nyuma yake walikuwa watu wanne, mmoja anagonga kaunta kwa sarafu. Nikaandika bahasha kwa mwanga wa simu, na mkono ukaandika nilichozoea kukiona kwenye vyeti vya watu wazima: 4 x 2, siku 3.

Mama akaondoka. Baada ya kama saa moja namwona anarudi anahema, ametokea stendi ya Nanenane, gari la Kyela limemwacha. Akaweka bahasha kaunta akaniambia, "Mwanangu, umeandika vinne vinne mara mbili, na humu vipo sita. Siku tatu zitafikaje?"

Yule mama ndiye aliyemwokoa mtoto wake. Angekuwa hajui kusoma, au angekuwa ameliwahi gari, mtoto wa kilo 11 angepewa dozi ya mtu mzima usiku ule. Nilichukua bahasha nyingine, nikaandika upya, nikampa nauli niliyokuwa nayo mfukoni. Niliporudi chumbani sikulala. Kesho yake nikarudisha funguo.

Sikusimulii ili uogope dawa. Kukosea kuandika kunampata hata aliyesoma miaka mingi, ndiyo maana kwenye famasi iliyo sawa bahasha inapita kwenye macho ya watu wawili kabla haijamfikia mgonjwa. Mimi sikuwa na jicho la pili. Na hilo ndilo unalonyimwa kwenye hiyo kazi, hata ukilipwa laki tatu.

Kisheria pia hujakaa sawa. Kuna Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na Baraza la Famasi ndilo linalosajili na kuandikisha watu wa kutoa dawa. Wewe bado. Mwanafunzi anagusa dawa akiwa chini ya msimamizi aliyepo pale, kwa macho yake, si aliyepo kwenye simu. Wakaguzi wakiingia saa mbili usiku watakukuta wewe ndani ya koti, mwenye duka hayupo.

Sasa kazi utaipata wapi. Usiombe kaunta. Omba stoo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniambia "nataka kutoa dawa" namwonea huruma na kumrudisha. Akiniambia "naweza kupokea mzigo, kukagua tarehe za kuisha na kuandika leja, daftari la mzigo", namwita msimamizi aje amsikilize. Kazi hizo zipo kila duka na hakuna anayezipenda.

Anza na famasi za jumla. Hizi ndizo zinazolisha maduka ya Chunya, Mbarali, Vwawa mpaka Tunduma. Oda zinakuja kwa simu, mzigo unafungwa kwenye kartoni, unawahi basi. Jumamosi ni vurugu tupu, mikono haitoshi. Utajifunza vitu vidogo ambavyo havipo kwenye daftari: ndani ya kartoni dripu na dawa za maji zinakaa chini, vidonge juu, inayokaribia kuisha muda inatoka kwanza hata kama imeingia jana, insulini haiachwi juu ya meza hata kama Mbeya kuna baridi ya Juni, inakaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na kuna daftari la kuandika joto la friji asubuhi na jioni. Muombe msimamizi daftari hilo liwe lako. Mtu anayeandika joto la friji bila kuruka siku anaaminiwa haraka sana.

Ukienda kuomba, nenda kati ya saa nne na saa sita. Asubuhi kuna foleni, jioni pia. Kabla hujasema neno angalia ukutani: kibali cha duka kimetundikwa? Cheti cha mfamasia msimamizi kipo? Uliza huwa anakuwepo siku gani, urudi siku hiyo. Ukijibiwa kwamba anakuja mara moja moja tu, mshukuru aliyekujibu na uondoke.

Kijana wa Mafiati, nimekuelewa kuhusu njaa, nami nimeipitia. Ila hao wa maumivu, mafua na tumbo ndio wanaokuja na mimba changa, na vidonda vya tumbo, na watoto wa miezi mitatu. Hawaji wameandikwa usoni.

Kijana wa Mafiati

Nimesoma habari ya yule mama wa Kyela mara mbili. Nafuta ushauri wangu dada.

Mwenye Duka, Makambako

Mimi nina duka la dawa muhimu, yaani si famasi kamili, huku barabarani Makambako. Naongezea kidogo upande wetu, maana wanafunzi wengi hawatufikirii.

Maduka haya yalianzia jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, wakati vijijini kulikuwa na duka la dawa baridi tu (zile zisizohitaji cheti cha daktari) na watu wanauza chochote. Sharti lake kubwa lilikuwa mtoa dawa apate mafunzo. Kwa hiyo kwangu kaunta ina mwenyewe, mama mmoja mwenye cheti chake. Mwanafunzi simweki pale. Lakini Jumamosi mbili kwa mwezi namhitaji mtu wa kunihesabia mzigo wote, rafu kwa rafu, na ninalipa 8,000 kwa siku na chakula cha mchana. Aliyekuwa ananisaidia amemaliza chuo, ameajiriwa Iringa.

Nikiletewa mwanafunzi naangalia mambo mawili. Barua ya chuo, ili nijue anatambulika. Kisha nampa kalamu anakili majina kumi kutoka kwenye maboksi. Yupo aliyeniandikia metformini mahali pa metronidazoli. Moja ni ya kisukari, nyingine ya maambukizi ya tumbo. Mwandiko mzuri bila macho makini haunisaidii.

Kwa hiyo binti, unapotoka Mbeya kwenda likizo usiangalie mjini tu. Uyole, Mbalizi, Igawilo, na huko kwenu Tukuyu kuna maduka yenye shida hii hii ya hesabu. Omba siku moja, usiombe mwezi.

Binti wa Tukuyu

Ndaga fijo, wote. Nimekaa kimya siku sita kwa sababu nilitaka nirudi na jibu.

Nilimrudia yule mwenye duka, nikamuuliza tena kwa adabu kama saa kumi kutakuwa na mtu aliyesajiliwa. Akasema mimi ni mgumu. Nikamwachia koti lake.

Alhamisi nikaenda famasi ya jumla, saa nne na nusu kama Dada alivyosema. Msimamizi alikuwepo. Nilivyomwambia naomba stoo, akaniangalia kidogo, akanipa invoisi na kartoni tatu zilizoshushwa asubuhi, akasema "kagua". Nilikaa chini kwenye sakafu saa nzima. Namba za bechi, tarehe, idadi. Kwenye amoksilini ya maji ya watoto invoisi ilisema chupa 50, mimi nikahesabu 48. Nikahesabu tena, 48. Nikaogopa kumwambia, nikidhani nimekosea mimi. Alipokuja akahesabu mwenyewe, akapiga simu kwa msambazaji mbele yangu.

Naanza Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi kumi, 10,000 kwa siku. Kwa mwezi haifiki hata nusu ya ile. Mama nimemwambia, amesema ndizi zipo.

Swali moja, Dada: kwenye leja, mzigo uliopungua nauandika ulivyo kwenye invoisi au ulivyofika?

Dada wa Kaunta

Ulivyofika. 48. Pembeni andika "invoisi 50, pungufu 2", weka tarehe na jina lako, na msimamizi asaini hapo hapo mkiwa wote wawili mnaziangalia hizo chupa. Usiiache saini isubiri mpaka jioni. Na Jumamosi vaa viatu vya chini, stoo za jumla zina ngazi.