Kwa nini Big Boy ni 4-8-8-4 na sio 4-16-4?

Fundi_Mkomani
Asalaam aleikum jamani. Mimi ni fundi wa mbao hapa Lamu, kazi yangu milango na vitanda, sasa kijana wangu wa miaka 9 kaona video ya lile garimoshi la Marekani la Union Pacific wanaloliita Big Boy basi hanipi raha mpaka nimchongee. Nimechukua vipande vya mbambakofi vilobaki nikachonga boila, magurudumu nimeyakereza moja moja, yote nimeyafunga kwenye ubao mmoja mrefu. Kwenye reli iliyonyooka linateleza vizuri, likifika kona tu magurudumu ya katikati yanaruka nje. Na hizo namba sizielewi, wanaandika 4-8-8-4 lakini mimi kwenye picha nahesabu 12, na lile behewa la makaa nyuma lina magurudumu yake mbona hayamo? Na kwa nini 8 mara mbili isiwe 16 basi?

Mwana_wa_Reli
Waaleikum salaam fundi. Wewe umehesabu upande mmoja, zidisha mara mbili upate 24. Hesabu hiyo ni ya Whyte, mtu wa reli wa Marekani, tangu mwaka 1900 hivi, unaanza mbele unakwenda nyuma: yanayoongoza, yanayovuta, yanayobeba. Behewa la makaa na maji halihesabiwi, la Big Boy peke yake lina magurudumu 14.

Yale 4 ya mbele hayavuti chochote, kazi yake kuiingiza injini kwenye kona taratibu. 4 ya nyuma yamebeba tanuri, na tanuri lenyewe sakafu yake ya moto ni karibu mita 14 za mraba, yani chumba kizima cha kulala kimejaa makaa yanawaka, uzito ule lazima uwe na kitu chini yake.

Sasa 8 na 8. Zile ni injini mbili chini ya boila moja, kila moja na silinda zake mbili. Ya nyuma imefungwa na boila haichezi, ya mbele imeshikwa kwa pini nyuma yake tu, ikifika kona inageuka yenyewe na boila inateleza juu yake. Union Pacific walishawahi kuweka 12 kwenye fremu moja, ile 4-12-2 ya 1926, kubwa kweli lakini kwenye kona kali ni shida, ndo mwaka 1936 wakaja na 4-6-6-4 yenye pini na 1941 Big Boy. Kwa hiyo kaka ukate ubao wako katikati.

BintiMalindi
Nyongeza kidogo. Gurudumu la kuvuta la Big Boy lina kimo cha sentimita 173, kama mtu mzima. Injini za abiria zilikua na makubwa zaidi kupata mbio, za mizigo ya polepole madogo zaidi kupata nguvu, ni kama gia za baiskeli. Na magurudumu mengi ya kuvuta maana yake uzito mwingi unakandamiza reli, injini ikiwa na nguvu kupita karibu robo ya uzito huo inazunguka pale pale haiendi. Big Boy yale 16 yamebeba kama tani 245, ikavuta mizigo milima ya Wasatch kule Utah na Wyoming.

Babu yangu alikua fayamani, mchochea moto, wa zile Garratt za kwetu, injini za mvuke za line ya Mombasa Nairobi. Zile ni 4-8-2+2-8-4, alama ya kujumlisha ni kwa sababu boila imening'inia katikati na injini zote mbili zinageuka, mbele na nyuma. Tani 252 kwenye reli yenye upana wa mita moja tu! Ukienda makumbusho ya reli Nairobi simama kando ya Mount Gelai, moja ya hizo Garratt, weka mkono kwenye zile fimbo za magurudumu, unene wake utashangaa.

Mwana_wa_Reli
Dada umenikumbusha. Kuna waliozidisha, kampuni ya reli ya Marekani Virginian Railway walinunua 2-8-8-8-4, injini tatu, ya tatu chini ya behewa la makaa. Silinda zikanywa mvuke kuliko boila inavyoweza kutoa, mwendo ukawa wa kutambaa, mwaka 1920 ikageuzwa kuwa injini mbili tofauti. Magurudumu bila mvuke hayasaidii.

Fundi_Mkomani
Shukran sana ami na dada. Jana baada ya Isha nimekata ubao, wa nyuma nimeupigilia kwenye boila, wa mbele nimeweka pini ya shaba nyuma yake, na pale boila inapokaa nimepaka nta iteleze. Kona imepita mara ya kwanza, pua ya boila inatokeza nje ya reli kama ile ya kwenye video, kijana kapiga kelele mpaka mamake katoka jikoni. Sasa dada hiyo Garratt, pini zake zinakaa wapi hasa, mwisho wa boila au katikati ya kila injini? Maana keshaanza kuniuliza ya kwetu.

BintiMalindi
Moja kila ncha ya fremu iliyobeba boila, fundi. Matangi yanakaa juu ya injini zenyewe, usiyafunge na boila, yageuke nazo. La mbele maji, la nyuma mafuta na maji, zetu zilikua zinachoma mafuta sio makaa.