Boti ya faiba iliyotumika: ripoti ya mkaguzi wa dalali inatosha?

Mgeni_wa_Feri
Habari za humu wakuu. Nimeonyeshwa boti ya faiba futi 23 huku Kigamboni, ina mashine ya Yamaha Enduro 40. Dalali ana ripoti ya mkaguzi, anasema nisipoteze hela kutafuta mwingine. Cheti cha usalama cha TASAC (wasimamizi wa vyombo vya majini Bara) kipo na hakijaisha muda. Anataka arubuni leo leo, eti kuna mteja mwingine yuko njiani. Nifanyeje?

FundiFaiba
Mkuu, tafuta mkaguzi wako, mlipe mwenyewe, na ripoti ije mkononi mwako bila kupitia kwa dalali. Asiwe fundi anayeihudumia boti hiyo. Cheti ni cha usalama wa chombo siku kilipokaguliwa, hakikwambii mashine imebakiza nini wala ubao wa tezi (nyuma ya boti, panapofungwa mashine) uko hali gani.

Na hapo kwenye tezi ndipo pesa nyingi hupotelea. Ndani ya faiba kuna plaiwudi. Silikoni ya matundu ya bolti za mashine ikichoka, maji ya chumvi huingia taratibu na mbao huoza huku nje panang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi, uanzie sehemu unayoijua ni nzima: penye uzima mlio ni mkavu, penye kuoza mlio ni mzito, hauvumi. Kisha shika mguu wa mashine, uusukume juu na chini. Tezi ikicheza, au ukiona nyufa kwenye pembe, hiyo ni kazi ya kukata na kujenga upya. Ukibaki na shaka, omba ruhusa ya mwenye boti utoboe tundu dogo kwa ndani, chini kabisa. Unga ukitoka mweusi na umelowa, jibu umepata.

Rangi mpya ndani ya boti, chini kwenye mataruma (mbavu zinazoshikilia tumbo la boti) tu, iulizie sababu.

Panga ukaguzi siku za bamvu, maji yanapojaa na kutoka sana, boti ilazwe ufukweni. Maji yakitoka mnapata saa kadhaa za kulikagua tumbo lote. Malengelenge yakipasuliwa yakatoa maji yenye harufu ya siki, faiba imeanza kunywa maji.

Mama Pangaboi
Naongezea upande wa mashine. Mwambie dalali isiwashwe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu mashine inayosumbua kuwaka asubuhi ikishapashwa haitaonyesha kasoro hiyo.

Kabla ya kuwasha, legeza skrubu ya chini ya oili ya gia. Maji ni mazito kuliko oili, yakiwemo yatatangulia kutoka. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imekufa, na mara nyingi ni mshipi wa kuvulia uliojisokota nyuma ya pangaboi.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: toa plagi zote, chomoa kamba ya usalama, funga geji kwenye tundu la plagi, fungua mafuta hadi mwisho, vuta kamba ya kuwashia mpaka mshale wa geji usipande tena. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, hesabu ringi au gasketi. Halafu mwende baharini nusu saa na uzito wa kazi halisi, mzime ikiwa ya moto, mwashe tena.

Mwambao_Sheria
Arubuni usitoe leo. Kwanza jina kwenye cheti cha usajili lilingane na kitambulisho cha muuzaji, na ukalihakiki TASAC wenyewe. Kama boti imesajiliwa Zanzibar, mamlaka ni ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar). Namba ya mashine iliyo kwenye kibati cha mabano ilingane na risiti.

Ukitoa arubuni, iandikwe kwamba inarudi yote ukaguzi au majaribio ya baharini yakishindwa, na iingie akaunti ya mwenye boti. Udalali uwe umetajwa kwa kiasi, na nani anaulipa. Ongea na mwenye boti ana kwa ana, usikie bei kutoka kinywani mwake, maana cha juu hujificha hapo.

Mgeni_wa_Feri
Asanteni sana. Mkaguzi akikuta tezi imeoza, niache au nipunguziwe?

FundiFaiba
Chukua makadirio ya mafundi wawili kwa maandishi, ikiwemo gharama ya kushusha na kurudisha mashine. Muuzaji akipunguza kiasi hicho chote na mataruma yakiwa mazima, nunua. Mataruma nayo yakiwa laini, achana na boti hiyo.