Naomba ushauri: nataka kumpeleka mzee wangu Lukaya, Uganda, kwa gari langu, akaone walikopigana 1979

Mtoto wa Afande

Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu alikuwa JWTZ, Brigedi ya 208, kwenye vita vya Kagera. Miaka yote tumekua hatujawahi kusikia habari za vita mdomoni mwake. Ukiuliza anasema "tulikwenda, tukarudi," basi. Tangu Jenerali Musuguri, aliyekuwa kamanda wao kwenye vita ile, alipofariki Oktoba 2024 amebadilika. Siku ile alikaa na redio mpaka betri ikaisha, na kesho yake akaanza kunitajia majina ya sehemu: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya. Lukaya anairudia sana. Mwezi uliopita akaniambia wazi, "Kabla sijalala ningependa nipaone tena pale kwenye matope."

Nina Noah, nipo Mwanza. Nimeshaendesha Dar kwenda na kurudi mara nyingi, ila nje ya nchi sijawahi kuvusha hata baiskeli. Maswali yangu:

Gari nalivushaje pale Mutukula? Nasikia kuna bima ya njano, sijui inapatikana wapi. Halafu, msinicheke, kadi ya gari bado ina jina la aliyeniuzia. Na huko Lukaya kuna cha kuona, mnara au makaburi, au nitamzungusha mzee bure? Ana sukari na goti moja limechoka, kwa hiyo sitaki safari ya kukimbizana.

Naomba kuwasilisha.

Kakakuona

Kadi ina jina la mtu mwingine na unataka kwenda nje ya nchi? Mkuu, hujaanza safari bado.

Wakala wa Mpakani

Achana na Kakakuona ingawa hapo amesema kweli. Nimefanya kazi za forodha miaka kadhaa, nikuelekeze.

Ukifika mpakani na gari binafsi, kitu cha kwanza wanachotazama ni kadi ya gari, ile halisi, si kivuli. Jina likiwa la kwako, umemaliza nusu ya kazi. Likiwa la mtu mwingine utadaiwa barua ya mwenye gari iliyopigwa mhuri wa mwanasheria, na hata ukiwa nayo unaweza kukutana na ofisa ambaye hakuipenda sura yako siku hiyo. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, ubadilishe jina kabla ya yote. Ulitakiwa ufanye hivyo siku uliyonunua, lakini tusigombane.

Bima ya njano ni kadi ya COMESA. Sisi Tanzania tulishatoka COMESA ila kwenye mpango wa kadi hiyo tumo. Nenda kwa kampuni iliyokukatia bima, waambie unataka kadi ya njano ya kwenda Uganda, wanakuongezea juu ya bima yako. Elewa inachobeba: ukimgonga mtu au mali ya mtu kule, pamoja na matibabu ya dharura ya mliomo ndani ya gari. Bati la Noah yako haliihusu. Kama una bima kubwa usidhani inavuka mpaka pamoja nawe, waulize na wakuandikie.

Mutukula ni kituo cha pamoja, kwa hiyo unamaliza pande zote mbili sehemu moja. Uhamiaji kwanza, halafu forodha wanakupa kibali cha muda cha gari. Kile kibali kina tarehe ya mwisho. Isome kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu ukiipitisha ni wewe utakayelipa. Wakati wa kurudi ukakifunge. Kuna watu wanasahau wanapitiliza nyumbani, kwenye mtandao gari linaendelea kuonekana lipo Uganda.

Pasipoti kwa wote wawili au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha NIDA peke yake usikitegemee. Na kadi ya homa ya manjano.

Vijana watakaokukimbilia ukiwa hata hujazima injini, wakisema "nipe kadi nikusaidie," usiwape kitu. Dirisha la forodha unalifikia kwa miguu yako mwenyewe.

Nshomile

Karibu kwetu! Njia umerahisishiwa, sasa kuna daraja la JPM pale Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, habari za kusubiri kivuko zimekwisha. Pita Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, mlale Bukoba. Usijaribu kuunganisha Mwanza na Masaka siku moja ukiwa na mtu wa sukari.

Ila nakusihi usimrukishe Kaboya. Ipo Muleba, ni kambi ya jeshi na ndipo yalipo makaburi ya mashujaa wa vita ile. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo mtajieleza getini, na mzee akiwa na vitambulisho vyake vya utumishi itasaidia sana. Makaburi yamepangwa safu kwa safu. Kama kuna wenzake wamelala pale, aanze nao wao.

Toka Bukoba kwenda Kyaka ni mwendo wa saa moja hivi. Simama darajani. Majeshi ya Amin yalivamia mwisho wa Oktoba 1978, na tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja la Kyaka wakidhani wamejifungia ndani na kipande chetu cha nchi. Jeshi letu likavuka kwa daraja la muda. Kuna gofu la kanisa pale Kyaka lilipigwa wakati wa vita, kuta zimebaki. Waulize wenyeji watawaonyesha. Mimi nilizaliwa baadaye lakini mama yangu alikimbia na mtoto mgongoni na kuku mmoja. Mpaka leo anamtaja yule kuku.

Dereva wa Masafa

Mimi napiga Kampala kila mwezi na lori. Yangu ni machache.

Jaza tenki Bukoba, kule mafuta huwa ghali kuliko huku. Upande wa barabara ni uleule, kushoto. Mutukula mpaka Masaka ni kama kilomita 90, lami, vijiji vingi, na kijijini ni 50 kama kwetu. Tochi za kupima mwendo zipo. Trafiki akikuandikia faini usimpe pesa mkononi, anakupa karatasi yenye namba, unalipa benki au kwa simu. Ukimpa mkononi umejitafutia kesi mbili.

Pembetatu mbili, kizima moto, taa zote ziwake. Boda boda wa Masaka hawana vioo wala hofu ya Mungu.

Usiku usiendeshe. Hilo sirudii.

Kakakuona

Wewe dereva wa lori ndiye wa kusema usiku usiendeshe?

Dereva wa Masafa

Ndiyo maana najua.

Mstaafu 20

Kijana, nakusalimu, na mfikishie afande salamu zangu. Mimi nilikuwa Brigedi ya 201.

Kama mzee wako alikuwa 208, mwambie wanatudai shukrani. Pale Lukaya barabara inapita katikati ya kinamasi, kushoto mafunjo, kulia mafunjo, huna pa kulala wala pa kujificha. Sisi wengi tulikuwa wanamgambo, wengine bunduki tumeizoea juzi tu. Jioni ya tarehe 10 Machi tukapigwa na roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na mimi sioni haya kusema, tulikimbia. 208 wakatumwa wazunguke usiku kwa mbali ili wawatokee kwa nyuma. Alfajiri ya tarehe 11 ndipo waliposhuka. Baada ya pale miili ya Walibya peke yake ilikaribia mia mbili. Vita ile iliamuliwa Lukaya, Kampala mwezi uliofuata ilikuwa kumalizia.

Kwa hiyo usimpeleke barabarani tu ukasema tumefika. Yeye hakuipiga vita ile akiwa barabarani. Alikuja kutoka ndani, upande wa magharibi. Muulize.

Lingine. Kama ana kofia ya kombati kabatini, na najua anayo, ibaki kabatini. Uganda raia kuvaa mabakamabaka ni kosa, wanakamata kweli. Medali yake aivae Kaboya. Akivuka mpaka aiweke mfukoni.

Ssalongo wa Kyotera

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mganda, nilifanya kazi Mwanza miaka sita, Kiswahili changu mtanisamehe.

Nakukaribisha na mzee wako kwa moyo wote. Wazee wetu bado wanawaita askari wenu Bakomboozi, yaani wakombozi, na wengi wanasema kwa heshima. Amin alitumaliza. Ukifika Kampala nenda pale Lubiri, Mengo, uone mashimo yake ya kutesea watu, utaelewa kwa nini watu walishangilia barabarani.

Lakini nikwambie kama ndugu. Masaka ilivunjwa. Mizinga ilipiga kutoka milimani, mji ukaingiwa Februari 24, halafu majengo mengine yakalipuliwa hata baada ya vita kupita hapo. Wenu walikuwa na hasira ya Kagera, najua, nimeona Kyaka kwa macho. Ila nyumba ya jjajja wangu, mzazi wa mzazi wangu, haikuwa Kyaka. Ilikuwa Masaka, na jjajja hakuwa Amin. Mpaka anakufa alikuwa anaishi kwenye vyumba viwili vya nyuma vilivyobaki.

Kwa hiyo mzee aje. Aje kama mgeni anayerudi, asije kama mtu wa kuonyesha kidole akisema "hapa tulipiga, hapa tulipiga" mbele ya watu. Ukimwona mzee wa umri wake kando ya barabara, mwache wasalimiane wenyewe. Wataelewana kuliko wewe na mimi.

Kuhusu mnara, usitafute mnara Lukaya. Lukaya utaona soko la kando ya barabara, kuku na nyama kwenye vijiti, gonja, yaani ndizi za kuchoma. Mbele ya hapo ndiyo kinamasi na daraja la Katonga. Mwaka 2023 mafuriko yalilikata barabara ikafungwa, watu wakazunguka mbali. Sasa inapitika.

Kakakuona

Nilikuwa nakuja na utani ila nimeurudisha mfukoni.

Mtoto wa Afande

Wakuu nawashukuru. Nimeanza na TRA. Aliyeniuzia gari nimempata Kahama, ameshasaini. Mstaafu, nimemsomea mzee ulichoandika. Alinyamaza, halafu akasema "201 walikuwa watoto." Kofia imebaki.

Nitaleta mrejesho.

Mtoto wa Afande (mrejesho)

Tumerudi juzi, siku sita, gari zima.

Mpakani tulitumia saa moja na nusu, na nusu yake ni mimi kutafuta miwani ya mzee. Kadi ya njano waliiomba Mutukula, na trafiki mmoja kabla ya Masaka akaiomba tena. Faini nimekula moja, 68 kwenye eneo la 50, nimelipa kwa karatasi kama Dereva alivyosema.

Kaboya tulikaa getini kidogo, wakapiga simu, wakaturuhusu. Mzee alitembea kati ya makaburi akisoma jina moja moja kwa sauti. Goti likamlemea, akakataa kukaa. Alipata majina mawili anayoyajua. Kyaka hakutaka kushuka. Alisema gofu atalitazama akiwa ndani ya gari, na akalitazama kweli, kama dakika kumi.

Lukaya tulifika saa sita mchana. Wauza kuku walitujaa dirishani, mishikaki mpaka kwenye usukani. Nikapita, nikaegesha karibu na kinamasi, upande ambao lori halitatugonga. Mzee akashuka na fimbo yake. Mafunjo yalikuwa mpaka kwenye ukingo wa lami. Akaweka mkono kifuani, hapa kwenye kifungo cha tatu cha shati, akasema, "Maji yalikuwa hapa. Bunduki hapa," akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, fimbo ikiwa imelala kwenye viganja. Akakaa hivyo kwa muda. Magari yalikuwa yanapiga honi.

Tuliporudi kwenye soko kulikuwa na mzee mmoja kwenye banda la kuziba pancha. Akamtazama mzee, akatazama namba za gari, akauliza kwa Kiswahili kile cha kambini, "Wewe Mkombozi?" Mzee akaitika. Wakapeana benchi. Tukaagiziwa gonja. Waliongea vizuri, watoto wangapi, wajukuu wangapi, nani alikufa. Halafu yule mzee akasema, anacheka kidogo, "Redio ya kaka yangu ilikwenda na nyinyi." Mzee wangu akasema, "Si mimi." Yule akasema, "Najua si wewe." Wakaendelea kula.

Ssalongo, Masaka tulilala usiku mmoja. Mzee hakunyoosha kidole popote. Alitembea mpaka kona, akarudi, akasema mji umejengeka.

Kampala hatukwenda. Alisema ya kule hayamhusu. Tukiwa tunarudi, karibu na Kyotera, nikadhani amelala, akaniuliza, "Yule hakusema redio ilikuwa ya aina gani?" Nikamwambia hakusema. Hakuuliza tena.

Mstaafu 20

Nimesoma mara mbili. Asante kijana. Nina mwanangu Dodoma, nitampelekea uzi huu.

Bibi Harusi wa Geita

Samahani kuchelewa, kadi ya njano mlikata ya muda gani?

Mtoto wa Afande

Miezi mitatu. Ya muda mfupi ilikuwepo, nikachukua hiyo. Jana mzee naye ameniuliza inaisha lini.