Majirani Nyuma ya Mnara: tunapima usiku au hatupimi?

IJUMAA

Mama Pacha, 19:06
Majirani habari za jioni. Narudia tena kama nilivyosema jumatatu, kelele za ile mitambo ya chini ya mnara wa simu, zile feni na jenereta, tunazipima usiku wa leo saa nane. Nataka watu wanne tu, wa kushika kifaa, wa kuandika saa na mashahidi wawili

Mama Pacha, 19:34
Tupo 26 humu. Tiki za bluu naziona. Jibu hata moja hamna

Baba Mdogo, 19:40
Mi nipo ila nikikaa karibu na hicho kifaa nikapitiwa na usingizi kitasoma mkoromo wangu 😂

Mama Ghorofani, 19:41
😂😂 wako upimwe kwanza, tunausikia mpaka huku juu

Mama Pacha, 19:43
Jamani tusianze. Wiki iliyopita tulicheka hivihivi mpaka kukakucha hakuna aliyetoka

Kijana wa Juu, 19:58
Mi jana nishapima na simu, ukubwa wa sauti desibeli 58. Hii hapa
[picha]

Fundi, 20:21
Kijana umejitahidi lakini hiyo namba usiipeleke popote. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, inajipandisha na kujishusha yenyewe, mvumo wa chini inaukata, na hakuna aliyeifanyia kalibresheni, yaani kuihakiki kwa sauti ambayo kiwango chake kinajulikana. Inafaa kulinganisha tu, hapa na pale, feni zikiwaka na zikizima. Nimeazima kipima sauti chenyewe, kina kidude chake kinacholia desibeli 94, unakijaribu nacho kabla ya kupima na baada ya kupima ndo unajua hakijadanganya. Ulisimama wapi?

Kijana wa Juu, 20:22
Dirishani nikatoa mkono nje

Fundi, 20:25
Ndo hapo. Ukuta unarudisha sauti, inaongezeka kama desibeli 3. Sogea mita 3 na nusu kutoka ukutani, kifaa kwenye stendi kimo cha mita 1.2 mpaka 1.5, sponji ya upepo imevishwa, upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde unaacha unarudi kulala. Na aliyesimama pale asiongee

Baba Mdogo, 20:26
Basi Mama Ghorofani hayumo kwenye ile timu

Mama Ghorofani, 20:27
😂😂😂 we baba nitakuja huko

Mama Pacha, 20:29
Fundi endelea, wengine wakimaliza kucheka watasoma

Kijana wa Juu, 20:33
Kwani tusiwaambie tu wazime feni mbili kati ya nne, kelele si itapungua nusu?

Fundi, 20:41
Haipungui hivyo. Desibeli hazijumlishwi kama viazi. Feni zilizo sawa ukizima nusu yake inashuka 3 tu, sikio halioni tofauti kubwa, ili usikie imepungua nusu inabidi ishuke kama 10. Bora zote ziende taratibu usiku joto likiwa chini, mzunguko wa feni ukishuka nusu sauti inashuka karibu 15. Hilo ndo la kuwaomba. Na wasafishe vichujio, vikijaa vumbi feni inakimbia zaidi kutafuta hewa

Mama Ghorofani, 20:50
Na mionzi je? Mwanangu kichwa kinamuuma wiki nzima, iandikwe pia

Fundi, 20:55
Pole mama, mpeleke aangaliwe. Lakini mawimbi ya redio hayatoi sauti, tunachosikia ni feni, kompresa ya kiyoyozi, jenereta na ule mvumo wa transfoma. Mionzi inapimwa na kifaa kingine kabisa. Tukichanganya kwenye barua moja watatujibu la mionzi ukurasa mzima na la kelele wataliruka

Mama Pacha, 20:58
Hapo nakubali. Barua ya kelele iwe ya kelele

Mama Ghorofani, 21:02
Sawa lakini wakisema kelele ipo chini ya kiwango?

Fundi, 21:15
Swali zuri. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilisema chumbani usiku isizidi 30, na mwongozo wao wa Ulaya wa 2009 ukasema 40 nje ya nyumba, wastani wa usiku kwa mwaka mzima. Lakini namba moja haitoshi, hasa sehemu iliyotulia kama hapa. Waingereza wana utaratibu wao, BS 4142, wanapima kwanza utulivu wa eneo, ile sauti inayozidiwa kwa asilimia 90 ya muda, halafu wanapima mashine imezidi hapo kwa kiasi gani. Mashine ikiwa na mlio mmoja unaojitokeza, kama huu wetu wa mmmmm, inaongezewa desibeli za adhabu, mpaka 6. Ikizidi utulivu kwa 5 hivi ni dalili ya usumbufu, ikifika 10 au zaidi ni usumbufu mkubwa, ingawa na mazingira yanaangaliwa. Kwa hiyo tunapima mara mbili, hapa, halafu mahali pengine panapofanana na hapa ila mashine haisikiki, maana hawatatuzimia

Jirani wa Kona, 22:17
Nimesoma zote. Mnapima nini sasa? Mlipokuwa mnasaini ile karatasi ya kukubali mnara niliuliza mitambo itatazama upande gani nikaambiwa nasumbua. Mama Pacha si wewe uliyezunguka nayo nyumba kwa nyumba

Mama Pacha, 22:19
Nilizunguka ndiyo. Karatasi ilisema mnara. Haikusema feni nne wala jenereta. Na mambo ya geti tusiyalete hapa

Jirani wa Kona, 22:20
Geti umelitaja wewe

Mama Pacha, 22:20
Kwa sababu najua unapoelekea

Baba Mdogo, 22:24
Jamani jamani, mnazidi desibeli humu

Jirani wa Kona, 22:25
Mi sicheki. Miaka yote hii nikiongea ni utani. Dirisha langu ndo linatazamana na ile milango ya chuma, wa kwanza kukosa usingizi ni mimi

Babu, 23:38
Wanangu. Nimesoma mpaka mwisho. Bibi yenu siku hizi analala ameziba sikio kwa kiganja, asubuhi mkono umekufa ganzi namkanda kwanza ndipo aweze kushika kikombe. Karatasi ile niliisaini mimi wa kwanza na sikuisoma, mlisaini mlipoona jina langu. Kwa hiyo mwanangu wa Kona hasira zako zilete kwangu, Mama Pacha mwacheni. Kifaa kiwekeni uani kwangu. Mlango nitauacha wazi. Msiogope kuniamsha, saa nane huwa nipo macho.

Mama Ghorofani, 23:51
Shikamoo Babu. Pole sana. Mwambie Bibi nitakuja asubuhi

Kijana wa Juu, 23:52
Sawa Babu. Naandika saa mimi

Baba Mdogo, 23:55
Nakuja Babu

JUMAMOSI

Mama Pacha, 03:26
Tumetoka wanne. Uani kwa Babu dakika 15, wastani 47. Halafu tukaenda mwisho wa njia kule mashine isikosikika, utulivu 33. Saa zote zimeandikwa, gari lililopita nalo tumeliandika. Jirani wa Kona tulitaka kupima na kwako taa ilikuwa imezimwa

Fundi, 08:10
Tofauti 14 kabla hata ya adhabu ya mlio. Feni ya kushoto beringi imekwisha, ndo inayopiga kelele ya chuma. Ila usiku mmoja hautoshi, na jenereta haikuwaka kabisa kwa hiyo hatuna kipimo chake

Mama Pacha, 08:14
Basi tunarudia jumanne. Nani yupo? Barua naandika leo, nani ataipeleka kwa wenye mnara na nakala kwa watu wa mazingira?

Mama Pacha, 10:02
Majirani?

Jirani wa Kona, 12:47
Nilikuwa macho, sikutaka tu kutoka. Kwangu pimeni ila kwa mchana nione. Barua nitaipeleka mimi kama ile karatasi ya zamani itaambatanishwa, na majina yote

Mama Pacha, 12:49
Mchana utapata kelele za watu siyo za mashine. Na karatasi nilimpa mwenyekiti wa wakati ule

Jirani wa Kona, 12:50
Ambaye alihama

Mama Pacha, 12:50
Ndiyo

Fundi, 13:30
Halafu jumanne kifaa sina, jumatatu asubuhi kinarudi kwa mwenyewe

Mama Pacha, 13:31
Basi kesho usiku

Fundi, 13:33
Kesho wanasema upepo mkali

Babu, 14:05
Mlango utakuwa wazi kesho pia.