Kwa nini Umm Kulthum aliacha filamu mapema hivyo?

mpenda_udi
Wakuu, habari zenu. Nimemaliza kuangalia "Fatma" ya 1947, ile ambayo Umm Kulthum, yule mwimbaji mashuhuri wa Misri, ni nesi anayeolewa na mtu wa familia ya kitajiri, kisha mume anaikana ndoa. Ameigiza vizuri mno! Lakini baada ya hapo hakucheza filamu nyingine hadi alipofariki tarehe 3 Februari 1975. Mtu aliyekuwa juu kiasi kile aliachaje?

Bi_Kinanda
Ndugu yangu, filamu zake zote sita nimezitazama, kuanzia "Widad" ya 1936, na naamini jibu limo kwenye uimbaji wenyewe. Filamu humtaka mwimbaji amalize haraka ili hadithi iendelee. Huyu hakukuzwa hivyo. Baba yake alikuwa imamu kijijini, kwenye delta ya Nile, na binti alianza kwa kuimba naye kaswida harusini na kwenye sherehe za dini, akiwa amevalishwa nguo za kiume. Huko msikilizaji akipaza "Allah!", mstari unarudiwa, na kila ukirudi unakuja na sura nyingine. Kamera itamwitikiaje?

Ndiyo maana Alhamisi ya kwanza ya mwezi, tamasha lake likirushwa redioni kutoka Cairo, wimbo mmoja uliweza kupita saa nzima. Sikiliza "Enta Omri" ya 1964, muziki wa Mohammed Abdel Wahab: ala zinapigwa peke yake dakika kadhaa kabla hajafungua kinywa. Ukiukata uingie kwenye filamu, umeuua.

msomaji_kimya
Na afya je? Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliugua tezi ya shingoni, na macho yakawa hayavumilii taa kali. Ile miwani myeusi haikuwa pambo tu.

Bi_Kinanda
Kweli, maradhi yalichangia, nakubali. Ila hayakumtoa jukwaani. Novemba 1967 alisimama kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, akaimba hadi usiku wa manane, na malipo akayatoa kwa taifa lake lililokuwa limetoka kushindwa vitani Juni ile.

mpenda_udi, tafuta sasa "Dananir" ya 1940. Anacheza kijakazi mwimbaji wa zama za Harun al-Rashid, khalifa wa Baghdad, na kwangu mimi hiyo inaipita "Fatma".

mpenda_udi
Ahsante sana, Bi. Naitafuta leo leo.